Django Ikigoma kwenye Ubuntu: Jua Kwanza Anayelalamika ni Nani

Umeandika amri ya kusakinisha Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python, kama ulivyoiona kwenye video, ukabonyeza Enter, na badala ya kazi kwisha salama skrini imekujazia maandishi mekundu. Wengi wakifika hapo huanza kunakili amri nyingine, na nyingine tena, kila moja ikiwa na `sudo` (amri inayokupa nguvu za msimamizi) mbele, mpaka kompyuta inakuwa na matatizo matatu pale palipokuwa na moja.

Taratibu. Usakinishaji huu hupita mikononi mwa programu kadhaa: `apt` (inayosakinisha programu za Ubuntu), Python, `pip` (inayosakinisha vifurushi vya Python), wakati mwingine kompaila ya C (inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), halafu Django yenyewe. Kila moja ina namna yake ya kulalamika, na dawa ya moja haiifai nyingine. Kabla hujagusa chochote, tambua anayesema ni nani.

Mstari ukianza na `E:`, huyo ni `apt`. `ERROR:` au `error:` mara nyingi ni `pip`. `Traceback (most recent call last):` ni Python, na hapo shuka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho, maana ndio unaotaja kosa. Yaliyo juu yake ni njia iliyopitiwa tu. Ukiona `fatal error:` na faili linaloishia kwa `.h`, kompaila imekosa kitu. `command not found` ni terminali: hakuna kilichovunjika, imetafuta programu haikuiona. Na ukikuta `django.core.exceptions`, pumua, maana Django imeshaingia na sasa inalalamikia mipangilio yako.

Mifano yote hapa ni ya Ubuntu, kwa sababu ndiyo ninayoikuta mara nyingi kwenye laptopu za ex-UK, yaani za mtumba, ambazo vijana hapa Mombasa wanaanzia kazi. Mwenye Debian au Mint atafuata bila shida.

Hatua ya 1: Kagua mashine kabla ya kulaumu Django

Andika hizi nne, usome majibu:

```
lsb_release -ds
python3 --version
df -h /
date
```

Ubuntu 20.04 huja na Python 3.8, 22.04 huja na 3.10, na 24.04 huja na 3.12. Django nayo ina masharti yake: toleo la 4.2 linakubali kuanzia Python 3.8, matoleo ya 5.0 hadi 5.2 yanataka 3.10 kwenda juu, 6.0 linataka 3.12. Kwa hiyo mwenye Ubuntu 22.04 akitumia Python iliyokuja na mfumo, mwisho wake ni 5.2. Si ubaya. 5.2 ni toleo la kusaidiwa kwa muda mrefu, lililotoka Aprili 2025, na mimi ndilo ninalomshauri mtu anayeanza.

Mwenye 20.04 akilazimisha toleo jipya ataona hivi:

```
ERROR: Could not find a version that satisfies the requirement django==5.2 (from versions: 1.1.3, 1.1.4, ...)
ERROR: No matching distribution found for django==5.2
```

Ujumbe huu humpoteza mtu kwa sababu hutokea pia intaneti ikiwa imekatika. Tofauti iko ndani ya mabano. Ukiona `from versions: none`, `pip` haikufika popote, shida ni mtandao. Ukiona msururu wa matoleo lakini lako halimo, mtandao uko sawa na Python yako ndiyo nzee.

Hapo hapo ndipo watu hujiangamiza. Usiifute Python iliyokuja na Ubuntu, na usielekeze `python3` ya mfumo kwenye toleo jingine. Zana nyingi za Ubuntu zimeandikwa kwa Python hiyo hiyo. Ukiibadilisha unaweza kukuta terminali haifunguki, au `apt` inakuletea `No module named 'apt_pkg'`. Ukitaka Python mpya, njia safi ni kuhifadhi faili zako na kuweka Ubuntu mpya.

Amri ya `df` inaonyesha nafasi iliyobaki. Ikisoma 100%, usiendelee. Anza na `sudo apt clean`, kisha hamisha zile video.

Na `date` usiidharau. Kompyuta za mtumba mara nyingi zina betri ndogo ya saa, ile ya duara aina ya CR2032, iliyokwisha kufa. Ukizima na kuchomoa chaja, saa inabaki nyuma. Saa ikiwa nyuma, `apt` inasema `Release file ... is not valid yet`, na `pip` inakataa vyeti vya usalama kwa `certificate is not yet valid`. Mtu anaweza kuhangaika jioni nzima akidhani ni mtandao. Rekebisha:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
sudo timedatectl set-ntp true
```

Kama unatumia Windows na Ubuntu kwenye mashine moja, na saa inaruka kwa saa tatu kamili kila ukibadilisha, hiyo si betri. Windows huhifadhi saa ya hapa kwenye mashine, Linux huhifadhi ya UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. `timedatectl set-local-rtc 1` inawapatanisha. Itakuonya kidogo, lakini kwa mashine ya nyumbani inatosha.

Hatua ya 2: `apt`

```
sudo apt update
sudo apt install python3-venv python3-pip
```

Matatu ndiyo hujitokeza hapa. La kwanza ni `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`. Soma mstari mzima: ukitaja `unattended-upgr`, Ubuntu yenyewe inajisasisha kimya kimya. Subiri. Kuna ushauri umezagaa wa kufuta faili hilo la kufuli kwa `rm`. Ukiufuata wakati kazi inaendelea, unaweza kuvuruga orodha nzima ya programu zako.

La pili ni stima kupotea katikati ya usakinishaji, na laptopu ya mtumba betri yake ndiyo hiyo. Ukiwasha tena na `apt` ikagoma:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

La tatu, `Temporary failure resolving`, maana yake kompyuta haiwezi kupata anwani za seva. Fungua kivinjari kwanza. Wi-Fi za hosteli na mikahawa zina ukurasa wa kuingia ambao lazima uukubali kabla ya kitu chochote kupita, na terminali haiwezi kukuonyesha ukurasa huo.

Hatua ya 3: Venv, na lile kosa ambalo kila mtu analo siku hizi

Kuanzia Ubuntu 23.04 na Debian 12, ukiandika `pip install django` moja kwa moja utajibiwa hivi:

```
error: externally-managed-environment

× This environment is externally managed
```

Hii si hitilafu. Ni kizuizi kilichowekwa makusudi. Zamani `pip` na `apt` ziliandika faili zao kwenye Python moja, moja ikavuruga kazi ya nyingine, na aliyeumia ni mwenye kompyuta. Ikaamuliwa Python ya mfumo iachiwe `apt`, na `pip` ifanye kazi ndani ya folda ya mradi, kwenye Python iliyotengwa iitwayo venv.

Chini kabisa ya ujumbe huo utatajiwa `--break-system-packages`, na hiyo ndiyo bahati mbaya yake, kwa sababu watu huinakili kama suluhisho. Jina lenyewe limekuambia itakachofanya. Njia ni hii. Tuseme unajenga tovuti ya duka la leso:

```
mkdir -p ~/miradi/leso
cd ~/miradi/leso
python3 -m venv venv
source venv/bin/activate
```

Mwanzoni mwa mstari wa terminali patatokea `(venv)`. Hakikisha:

```
which python
pip --version
```

Zote mbili zikutajie njia inayopitia `miradi/leso/venv`. Zikitaja `/usr/bin` au `/usr/lib`, hujaingia.

Sasa sakinisha:

```
pip install "django==5.2.*"
python -m django --version
```

Bila `sudo`. Nasisitiza kwa sababu huu ni mtego usioonekana: hata kama `(venv)` inaonekana mbele yako, `sudo pip` inatafuta programu kwenye njia zake yenyewe, inatoka nje ya venv na kwenda kwenye Python ya mfumo. Na kama venv yenyewe uliitengeneza kwa `sudo`, folda ni mali ya root (msimamizi wa mfumo) na kila kitu kitakujibu `Permission denied`. Irudishe mikononi mwako:

```
sudo chown -R $USER:$USER ~/miradi/leso
```

Makosa mengine ya venv ninayoyaona:

`ensurepip is not available` maana yake hukusakinisha `python3-venv`. Isakinishe, futa folda ya venv iliyoundwa nusu kwa `rm -rf venv`, uanze upya.

`Operation not permitted: 'lib'` hutokea ukijaribu kuunda venv ndani ya flashi. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haijui viungo vya faili ambavyo venv inavihitaji. Weka mradi kwenye diski ya kompyuta. Flashi ibebe nakala ya msimbo tu.

`bad interpreter: No such file or directory` ni venv iliyohamishwa au folda iliyobadilishwa jina. Ndani ya venv kuna anwani kamili za faili, kwa hiyo haihamishiki. Kuisasisha Ubuntu kutoka 22.04 hadi 24.04 pia huzivunja zote, kwa kuwa Python 3.10 iliyotegemewa haipo tena. Usihangaike kuitengeneza. Kabla ya kuhama andika `pip freeze > requirements.txt`, baada ya kuhama unda venv mpya na `pip install -r requirements.txt`. Venv si kitu cha kutunzwa.

Na `django-admin: command not found` kesho yake asubuhi? Umefungua terminali mpya ukasahau `source venv/bin/activate`. Kila dirisha jipya linataka hiyo.

Hatua ya 4: Mtandao hafifu na data ya kuhesabu

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki inapandia ufuoni kwetu. Hilo halikuzuii wewe uliye Likoni, kwenye hotspoti ya simu, kuona hivi:

```
ReadTimeoutError: HTTPSConnectionPool(host='files.pythonhosted.org', port=443): Read timed out.
```

`pip` kwa kawaida husubiri sekunde 15 kisha hukata tamaa. Ipe subira:

```
pip install --timeout 120 --retries 10 "django==5.2.*"
```

Mara chache faili hufika limekatika, na `pip` inasema `THESE PACKAGES DO NOT MATCH THE HASHES`. Imekulinda hapo. Safisha akiba yake kwa `pip cache purge`, ujaribu tena.

Lakini kwa kikundi, kwa mfano wanafunzi sita wa darasa moja pale Tudor, ni upotevu kila mmoja kushusha kitu kile kile kwa data yake. Mmoja ashushe:

```
pip download "django==5.2.*" -d ~/django-whl
```

Ndani ya folda hiyo kutakuwa na Django pamoja na vifurushi inavyovitegemea, `asgiref` na `sqlparse`. Yote kwa pamoja hayafiki hata megabaiti 15. Nakili folda kwenye flashi (hapa FAT32 haina neno), kila mmoja aiweke kwenye kompyuta yake, aingie kwenye venv yake na kuandika:

```
pip install --no-index --find-links ~/django-whl "django==5.2.*"
```

`--no-index` inaiambia `pip` isiende mtandaoni kabisa. Angalizo moja: aliyeshusha akiwa na Python 3.12 na mwenzake ana 3.10, kwa huyo wa pili itakosekana `typing_extensions`, ambayo `asgiref` inaihitaji kwenye Python iliyo chini ya 3.11. Basi ashushe mwenye Python ya zamani. Faili zake zitawafaa wote. Hii ni kwa Django na wenzake hawa, ambao ni Python tupu. Vifurushi vyenye sehemu za C havishirikishwi hivyo, toleo la Python lazima lilingane.

Hatua ya 5: Kompaila na hifadhidata

Django huja ikiwa tayari kwa SQLite, na kwa anayejifunza, hata kwa duka dogo, SQLite inatosha. Ningekuambia uruke hatua hii kabisa. Ila kama mwalimu au mteja anataka MySQL au PostgreSQL, utakutana na ukurasa mrefu wa makosa ambao mwisho wake unasema:

```
note: This error originates from a subprocess, and is likely not a problem with pip.
```

Hapa kanuni ya kusoma mstari wa mwisho inavunjika. Mstari huu hausaidii. Unakwambia tu kwamba aliyeshindwa si `pip`. Panda juu mpaka ukutane na mojawapo ya haya.

`Can not find valid pkg-config name` ni `mysqlclient`, kiunganishi cha Python na MySQL, ikitafuta maktaba za MySQL. `Python.h: No such file or directory` ni kukosa vichwa vya Python. Zote mbili:

```
sudo apt install build-essential pkg-config python3-dev default-libmysqlclient-dev
```

`pg_config executable not found` ni `psycopg2`, kiunganishi cha PostgreSQL. Kwa kujifunza sakinisha `psycopg2-binary`, ambayo imeshajengwa tayari. Kwa seva ya kazi weka `libpq-dev` kwa `apt` na ujenge ile ya kawaida.

Hatua ya 6: Kuiwasha

```
django-admin startproject leso .
python manage.py migrate
python manage.py runserver
```

Nukta mwishoni mwa mstari wa kwanza inazuia folda ndani ya folda. Usiuite mradi `test` wala `django`, na usiwe na faili lako mwenyewe liitwalo `django.py`: Python italichukua lako na kuacha lile halisi, kisha ikuletee habari za `'django' is not a package`.

Ukisahau `migrate`, itakuambia una `18 unapplied migration(s)`. Hilo ni onyo, seva inaendelea kufanya kazi. Fungua `http://127.0.0.1:8000` uone roketi.

`Error: That port is already in use.` karibu kila mara husababishwa na vidole. Mtu anataka kusimamisha seva, badala ya Ctrl+C anabonyeza Ctrl+Z. Terminali inarudi, inaonekana kama seva imezimika, kumbe imesinzishwa tu na bado imeukalia mlango 8000. Andika `fg` irudi mbele, kisha Ctrl+C. Kama dirisha lile umeshalifunga na kosa bado lipo, mtafute aliyeushika:

```
ss -ltnp | grep 8000
```

Utaona namba ya `pid`. Malizia kwa `kill` na namba hiyo. Au washa seva kwenye `8080`, maisha yaendelee.

Kabla hujaanza kuandika msimbo, fungua `settings.py` ubadilishe mawili:

```
LANGUAGE_CODE = 'sw'
TIME_ZONE = 'Africa/Nairobi'
```

Ukiiacha saa ya `UTC`, oda iliyoingia saa kumi na mbili jioni itaonyeshwa kama ya saa tisa alasiri, na mwenye duka atakuuliza. Kuhusu `sw`: Django ina tafsiri ya Kiswahili, japo haijakamilika, kwa hiyo ukurasa wa usimamizi utachanganya lugha.

Ukitaka kumwonyesha mteja kwenye simu yake, simu na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja. `hostname -I` itakupa anwani ya kompyuta, tuseme 192.168.43.120. Washa hivi:

```
python manage.py runserver 0.0.0.0:8000
```

Simu ikileta `DisallowedHost`, ongeza anwani hiyo kwenye `settings.py`: `ALLOWED_HOSTS = ['127.0.0.1', 'localhost', '192.168.43.120']`. Simu ikizunguka tu bila jibu lolote, ombi halijaifikia Django. Kama uliwasha ukuta wa `ufw`, fungua kwa `sudo ufw allow 8000/tcp`. Ukirudi kwenye hotspoti nyingine anwani itabadilika, na itabidi uiandike upya. Kuweka `'*'` ni rahisi, lakini watu huisahau humo mpaka tovuti inapanda hewani. Na `runserver` yenyewe ni ya majaribio, si ya kuhudumia wateja.

Ukikwama kabisa

Ninayotumiwa WhatsApp ni picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imelala upande, pangaboi linang'aa kwenye kioo, na mstari wenye kosa umekatwa nusu. Chini yake: "Kaka, Django imekataa." Hakuna fundi anayeweza kufanya lolote na hiyo. Hifadhi maandishi yote kwenye faili, ukiwa ndani ya venv:

```
(lsb_release -ds; which python; python --version; pip --version; date) > taarifa.txt 2>&1
pip install "django==5.2.*" >> taarifa.txt 2>&1
```

Weka mstari wa pili kulingana na amri iliyokushinda. Soma faili hilo mwenyewe kwanza, ufute nywila kama imo, kisha litume lilivyo pamoja na sentensi moja ya ulichokuwa unajaribu kufanya.